Breki za Mwalimu Nkirote

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua ya vuli imeanza leo saa nane mchana, na saa nane na nusu likaingia gari la Mwalimu Nkirote likiburutwa kwa kamba nyuma ya lori la majani chai. Ni gari la mbio, jekundu, milango miwili, na limekaa chini sana hivi kwamba jogoo wa Mzee Ngari akisimama kando yake anaonekana mnyama mkubwa. Taa ya kushoto imekwenda. Kwenye bampa kulikuwa na jani zima la mgomba.

Mzee Ngari, mwenye gereji, amenipa daftari hili. "Wewe ndio fundi wa breki. Andika kila kitu utafanyia hiyo gari. Kuna siku tutaulizwa." Hakusema niandike kazi tu, kwa hivyo nitaandika na mengine. Mimi ni Wambeti, nina miaka ishirini na tisa, na tangu nianze kazi hapa Embu, chini ya mtaa wa Dallas, hakuna gari lililotoka mikononi mwangu likarudi kulalamikia breki. Hili ndilo la kwanza, na sikubali kwamba kosa ni langu mpaka nilione kwa macho.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi Mwalimu alitoka kwake Kaaga, huko Meru, akija kwa dada yake hapa mjini. Kwenye mteremko wa mto Thuci pedali ya breki ikawa ngumu na gari halipungui mwendo. Akarudisha gia, akakanyaga kwa miguu miwili, na mbele yake kuna lori. Akachagua shamba la migomba. Amevunjika kifundo cha mkono tu.

Aliyelileta gari ni mwanawe, Kobia, anayefanya kazi ofisi za kaunti, shati limepigwa pasi hata kwenye mvua. Funguo ziko mfukoni mwake.

"Mum ana miaka sitini na tatu," akasema. "Mguu umeisha nguvu. Nimepata mtu wa Nairobi, anakuja kuchukua hii gari tarehe thelathini mwezi ujao. Tengenezeni, halafu mniandikie barua ati breki hazikuwa na shida."

"Sijaangalia," nikamwambia.

"Utaangalia, utaona."

Watu wa namna hii ndio hunifanya nishike spana kwa nguvu.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimelijaribu kama ninavyojaribu kila gari. Injini ikiwa imezimwa, nakanyaga breki mara nne, mara tano, mpaka pedali iwe ngumu. Nabaki nimekanyaga, halafu nawasha. Gari likiwa zima, pedali hushuka kidogo chini ya mguu. Hii haikushuka hata kidogo, na chini ya dashibodi nikasikia upepo unavuja, ssss.

Hapo mtu anajua ni busta. Busta ni lile dude jeusi la bati, la mviringo, nyuma ya pedali. Ndani yake kuna mpira mpana, na injini huuvuta ili kuusaidia mguu wako. Busta ikifa, breki bado zipo, ila mguu umeachiwa kazi yote peke yake. Ila sikutaka kukimbilia kusema. Nilichomoa paipu inayotoka kwenye injini, nikaiziba kwa kidole, inavuta vizuri. Vali yake nikaipuliza kwa mdomo, inapitisha upande mmoja tu kama inavyotakiwa. Basi, busta imekufa.

Mzee Ngari hakushangaa. "Hawa walimu wakistaafu huzima injini kwa mteremko waokoe petroli. Ukizima, busta inalala."

Ni kweli, nusu ya madereva wa mlima huu hufanya hivyo, na mjomba wangu aliwahi kuteremka hivyo mpaka ndani ya duka la mtu. Lakini injini ikizimwa busta haipasuki. Nilimwambia hivyo.

"Badilisha, Wambeti. Andika barua."

Sitaandika barua.

Jumatano, 16 Oktoba

Matope mpaka kwenye meza ya vyuma.

Ijumaa, 18 Oktoba

Amekuja mwenyewe. Koti jekundu, gambuti, mkono kwenye bendeji shingoni. Mafundi wote waliacha kazi wakawa wanamtazama, maana habari zake tunazijua: mwalimu mkuu mstaafu ambaye wenzake wakistaafu hununua ng'ombe wa gredi wa maziwa, yeye akanunua gari la mbio na kwenda nalo kanisani.

Nikamuuliza swali ambalo ilikuwa lazima niulize. "Mwalimu, ulikuwa umezima injini?"

"Nimefundisha fizikia miaka thelathini na nne," akasema, "na wewe unaniuliza kama nilizima injini kwa mteremko? Haya, nielezee busta inafanya kazi aje. Simama wima."

Nikasimama wima! Nikaelezea mbele ya watu kama mtoto wa darasa la sita, na nilipomaliza akasema, "Umesahau vali," na kwa kweli nilikuwa nimeisahau. Nilimchukia papo hapo.

Kabla ya kuondoka aliniambia mpango. "Watoto wangu wamekaa kikao juu yangu. Nimewaambia, kama kosa ni langu nitatia sahihi gari iende. Kama si langu, Kobia atanirudishia funguo, tena mbele ya watu. Kwa hivyo wewe tafuta. Usinipendelee, na usimpendelee."

"Mimi sipendelei mtu."

"Hiyo tutaona."

Jumatatu, 21 Oktoba

Sikukuu. Nimepanda ndengu kwa mama, kule Siakago. Mgongo wote unauma.

Ijumaa, 25 Oktoba

Busta imefika kwa basi kutoka Nairobi, imefungwa kwa gunia. Si yenyewe. Boliti nne, na ya kwetu ina mbili. Nimeirudisha. Muuzaji ananiambia kwenye simu, "Si utoboe tu, fundi?" Nikampa vidonge vyake. Nitoboe busta! Yeye atoboe moyo wake kwanza.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo nimepata kitu.

Wakati nikiisubiri busta ya pili niliamua kuifungua ya zamani, ingawa Mzee hupenda vya zamani vitupwe haraka. Nilitoa kwanza masta silinda, ile inayosukuma oili ya breki kwenda magurudumuni, ambayo imefungwa mbele ya busta. Nyuma yake palikuwa panachuruzika. Nikainamisha busta, ikatoa oili karibu kikombe kizima. Humo ndani panatakiwa kuwa pakavu kabisa. Ule mpira mpana ulikuwa umelegea, umepasuka pembeni.

Kwa nini oili ipite? Nilichomoa viraba vya masta silinda na vilikuwa vimevimba vikawa vinene kuliko vipya kwa karibu nusu. Oili ya breki haivimbishi raba zake. Nikachukua glasi ya chai, nikaijaza maji, nikadondoshea oili kutoka kwenye gari hilo. Oili halisi ya breki huchanganyika na maji. Hii ilielea juu, ikatengeneza macho ya manjano, kama supu.

Kuna mtu alitia oili ya usukani kwenye breki. Raba zikavimba polepole, zikaacha kuziba, oili ikaingia kwenye busta, busta ikaoza, na siku ya Thuci ikakata tamaa. Nilipiga kelele ya furaha mpaka jogoo akakimbia.

Mzee Ngari alitazama glasi. "Ni yeye," akasema. "Wazee humwaga chochote mahali popote wanaona shimo."

Na mimi nikakubali! Hata nilifurahi. Nikampigia simu nikamwambia, "Mwalimu, ulitia oili ya usukani kwenye tangi ya breki."

"Mimi sijawahi kufungua hiyo boneti."

"Oili haikuingia yenyewe."

Halafu akasema, "Sijafungua," akakata simu. Nilijiona mshindi. Nikajinunulia nyama choma peke yangu.

Jumatatu, 4 Novemba

Kobia amepiga simu kuuliza kama ni kweli. Nimemwambia ni kweli. Akashukuru kwa sauti ya chini, wala hakufurahi kama nilivyotarajia.

Jumanne, 5 Novemba

Ni lazima nieleze chupa.

Mzee Ngari hununua oili kwa mikebe mikubwa, halafu tunaigawa kwenye chupa kuukuu za asali ya Mbeere. Karatasi za majina hazikai, zinalowa grisi, kwa hivyo gereji ina sheria yake tangu enzi za baba yake. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hivyo chupa yake hufungwa kwa kifuniko cha kuzungusha. Oili ya usukani haijali, hiyo huzibwa kwa gunzi la mahindi. Kifuniko ni breki, gunzi ni usukani. Siku ya kwanza ya kazi ndicho kitu cha kwanza unachofundishwa.

Leo nilinyoosha mkono rafuni kuchukua gunzi, nikaona alama za meno ya panya kwenye gunzi, nikakumbuka. Mwezi wa nane panya aliguguna gunzi la chupa ya usukani mpaka likaangukia ndani. Nilikuwa na haraka, manyunyu yananipiga, sikuona gunzi jingine. Nikachukua kifuniko cha bluu cha chupa yangu ya uji, nikaifunga nacho ile ya usukani. Nikajiambia nitabadilisha jioni.

Nimetafuta chupa hiyo. Iko nyuma kabisa ya rafu, na kifuniko changu cha bluu bado kiko juu yake, na imepungua. Nimedondoshea maji. Inaelea.

Nimefungua daftari la gereji la Agosti. Wiki ile niliongeza oili ya breki kwenye gari moja tu, kisha Jumatatu tukafungua mkebe mpya. Tarehe tisa. Gari jekundu, milango miwili. Mwandiko ni wangu.

Ni mimi.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mwalimu amepiga simu wakati wa chai ya saa nne. Sauti haikuwa ile ya kunisimamisha wima.

"Wambeti, nimekuwa nikifikiri. Mama yangu alianza kusahau akiwa na miaka kama yangu. Pengine nilifungua hiyo boneti. Pengine nilifungua na sikumbuki. Unaonaje?"

Ningeweza kusema hapo hapo. Nilisema, "Mwalimu, kuna mteja amekuja, nitakupigia." Hakukuwa na mteja yeyote. Nilisimama nyuma ya pikapu nikiwa nimeshika simu, na nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia yeye.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemwambia Mzee Ngari. Nilimpeleka rafuni, nikamwonyesha chupa, kifuniko na daftari.

Alikaa kwenye kiti cha gari tulichokifanya benchi, akavua kofia. Mzee huyu ndiye aliyenipokea wakati gereji tatu zilinicheka nilipoomba kazi. Nilidhani atanigombeza kisha atasema twende Kaaga kwa Mwalimu.

"Huyo mama amepona?" akauliza.

"Mkono bado."

"Amepona. Gari itapona. Nani mwingine anajua?"

"Mzee, anafikiri akili yake inaenda."

"Akili ya kila mtu inaenda. Ukifungua mdomo, hakuna mtu ataleta gari hapa tena. Watu tisa wanakula kwa hii gereji, Wambeti. Ukisema, usirudi." Halafu akachukua ile chupa akaenda kuimwaga kwenye shimo la oili chafu. Kifuniko nilikuwa nacho mfukoni.

Ijumaa, 15 Novemba

Busta ya pili imefika. Boliti mbili. Ndiyo yenyewe.

Kila asubuhi najiambia nitasema leo. Najiambia pia kwamba nikisema kabla ya kumaliza, Mzee atanifukuza na breki za gari hili zitamalizwa na mtu anayetoboa busta. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni woga, na ninaiandika hapa ili nisiweze kujidanganya nikiisoma baadaye.

Jumatano, 20 Novemba

Siku nne za kazi safi. Nimebadilisha masta silinda nzima. Raba zote za magurudumu manne mpya, maana ile oili ilikuwa imefika kila mahali. Paipu nimezisafisha mpaka zikatoka kavu. Busta imeingia vizuri, lakini fimbo yake inayosukuma masta silinda nimeipima mara tatu: ikiwa ndefu breki zitashika zenyewe njiani, ikiwa fupi pedali itazama kwanza kabla ya kukamata. Nikaweka oili mpya kutoka mkebe ambao niliufungua kwa mkono wangu, nikatoa hewa gurudumu moja moja. Nikakanyaga mara tano, nikashikilia, nikawasha. Pedali ikashuka chini ya mguu wangu, taratibu, kama inavyotakiwa. Nilibaki nimekaa humo ndani muda, machozi yananitoka kwa hasira.

Kobia alinikuta hapo. Akavuta tairi akalikalia na suruali yake ya ofisi.

"Nyanya alianza hivyo," akasema. "Kwanza sufuria kwa moto. Halafu akasahau njia ya kanisa. Mwisho akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Mum akiniambia hajafungua boneti, na nyinyi mnasema oili iko, mimi nifikirie nini? Hiyo gari naichukia, lakini si hiyo inanikosesha usingizi."

Tangu Oktoba nilikuwa nimemwona mtu anayetaka kumnyang'anya mama yake starehe. Leo nimeona mtoto aliyeogopa. Na bado nilimwambia tu, "Gari liko tayari."

Jumatatu, 25 Novemba

Mzee ameandika barua mwenyewe. "Mwenye gari alitia oili isiyofaa." Amegonga muhuri.

Jumamosi, 30 Novemba

Walifika saa tano: mnunuzi wa Nairobi na miwani yake ya jua kwenye mvua, Kobia, na Mwalimu. Alikuwa amevaa sweta la kijivu. Mkono umepona. Alikaa kwenye benchi bila kumtazama mtu, akiwa na kalamu tayari.

Mzee Ngari akaanza kusoma barua kwa sauti ya mkutano wa chama. Aliposema "mwenye gari", nikasema, "Ni uongo."

"Wambeti, nyamaza."

"Ni uongo, na Mzee anajua. Oili niliitia mimi. Tarehe tisa Agosti." Nikatoa kifuniko cha bluu nikakiweka juu ya boneti, na daftari la Agosti kando yake. Nikaeleza gunzi, panya, haraka yangu, glasi ya maji, yote. Mafundi walikuwa wamesimama. Mzee alisema nimekuwa na kinyongo naye siku nyingi, kisha akaona hakuna anayemsikiliza, akakunja barua. "Chukua nguo zako," akaniambia. "Usirudi."

Mnunuzi alishavua miwani. Mwalimu hakuwa anamwangalia yeye wala Mzee.

"Tarehe tisa," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa hivyo mimi sikusahau kitu."

"Hukusahau kitu chochote."

Alifunga macho. Kobia akapiga magoti kwenye matope mbele yake, suruali ya ofisi na yote, akasema, "Mum." Mwalimu akanyoosha mkono ule uliopona, kiganja juu. Kobia akaweka funguo.

Halafu Mwalimu akanigeukia, na sauti ikawa ile ya fizikia. "Ulijua lini?"

"Tarehe tano."

"Nilikupigia simu tarehe saba."

"Ndiyo."

"Ingia kwa gari."

Tulitoka Embu kuelekea Runyenjes, mvua inapiga kioo. Anaendesha kama anavyoongea. Kwenye mteremko mrefu wa kwanza hakupunguza, akaliacha gari literemke mpaka nikashika mlango, kisha akakanyaga. Gari likasimama limenyooka, halikuvuta kushoto wala kulia. Akakanyaga tena mteremko wa pili, na wa tatu. Nilikuwa nasikiliza kila gurudumu. Hakuna mlio, hakuna kuvuja.

Chini ya mteremko wa tatu akasimama kando ya barabara, injini inanguruma.

"Kazi ni safi," akasema. "Siku hizo ishirini na tano zote nimeandika majina ya wajukuu wangu kwa karatasi kila asubuhi, kujipima. Teremka. Utembee, ufikirie hiyo."

Nikateremka. Akageuza gari palepale, akarudi mjini.

Ni kilomita tisa. Nilitembea na begi la nguo za kazi kichwani, viatu vimejaa maji. Sikusikia aibu. Nilisikia huzuni, na chini yake kitu kigumu ambacho hakuna mtu ataniondolea, si Mzee na muhuri wake, si yeyote. Pikipiki tatu zilisimama kunibeba, ya mwisho ikitaka kunibeba bure. Nilizikataa zote tatu. Niliambiwa nitembee, nikatembea mpaka mlangoni kwangu.